Mlima Niliodhani Ni Mji

Juzi jirani yangu alichoma majani makavu nyuma ya nyumba yake, na harufu ikaniingilia jikoni nilipokuwa nachambua mchele. Nikafunga dirisha. Mwanangu aliniuliza kama moshi unanisumbua kifua, nikamwambia ndiyo, kwa sababu jibu hilo ni fupi. Jibu refu lina mlima ndani yake, na mwanangu hana subira na majibu marefu. Ninyi wa rika langu labda mnayo.

Nilizaliwa Rumonge, karibu sana na ziwa, hata upepo ukivuma tulikuwa tunaziokota nguo zetu ufukweni. Baba alikuwa na michikichi upande wa Kizuka, akikamua mawese na kuyauza, kwa hiyo kila kitu chetu kilinuka mawese: mikeka, nywele, hata mto wa kulalia. Mbele yetu, ng'ambo ya ziwa, kuna milima ya Ubwari, upande wa Kongo. Wakati wa mvua hewa inapokuwa safi unaiona mpaka mikunjo yake. Kiangazi kikiingia, ukungu mkavu unaifunika, na mchana kutwa huoni ila maji yanayoishia kwenye weupe. Lakini jioni, watu wakitoka kuswali magharibi, taa zilikuwa zinawaka kule. Mistari mirefu ya taa, mmoja juu ya mwingine, na mingine ilikuwa inatembea.

Mimi nilijua kabisa kwamba kule ni mjini. Nilikuwa nimefika Bujumbura mara moja, au Usumbura kama wazee wetu walivyoendelea kuiita hata baada ya Uhuru, na nilikuwa nimeona taa za barabarani. Mji wa ng'ambo ulikuwa na taa nyingi kuliko hizo. Zile zilizosogea nilizihesabu kuwa magari. Sikumwuliza mtu, kwani mtoto haulizi jambo analolijua. Na kwa kuwa baba alisema mama yake anakaa kule, niliwatangazia wenzangu wa darasa la kwanza kwamba bibi yangu anaishi mjini, penye taa kupita Bujumbura, na wao wakaniamini, maana nao walikuwa wanaziona.

Basi siku baba aliposema, "Mama, kesho tunavuka, unaenda kusalimia somo yako," nilikwenda moja kwa moja kutafuta viatu vyangu vya Idi. Baba aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na huyo bibi mwenyewe aliniita somo ingawa alikuwa hajaniona tangu niwe mchanga. Mama alikuwa ametoka kujifungua mdogo wangu Saidi, hakuweza kusafiri. Aliponiona nasugua viatu alicheka, lakini hakunizuia.

"Acha avae," alimwambia baba. "Atavivua mwenyewe."

Tulivuka asubuhi kwa boti ya mota iliyobeba madumu ya mawese, sabuni na chumvi. Sehemu kubwa ya safari hapakuwa na cha kuona. Halafu mlima ukatokea wote kwa mara moja, karibu mno, nami nikasimama ndani ya boti kutafuta maghorofa. Kulikuwa na mawe. Mawe meupe, mawe mekundu, mawe yaliyopasuka na miti ya miiba imeota kwenye mipasuko, na majani ya manjano yaliyokauka kabisa. Sehemu nyingine majani yalikuwa yameungua, mlima umebaki na mapande meusi. Chini kulikuwa na mwalo mdogo wenye nyumba chache za nyasi na nyavu zilizoanikwa.

"Baba, mji iko wapi?"

"Mji gani, mama?"

"Ule wa taa."

Baba alinitazama, akautazama mlima, akaelewa. Alicheka mpaka akakaa juu ya dumu, kisha akawasimulia abiria wote, na boti nzima ikacheka hadi tulipogusa mchanga. Baba mdogo Rajabu, mdogo wake baba aliyekuwa akikaa na bibi, alikuwa anatungojea mwaloni. Naye akasimuliwa.

"Taa ziko," aliniambia bila kutabasamu. "Ni mimi naziwashaka. Tunachoma majani ya zamani, mbuzi wapate mapya mvua ikija. Ukitaka gari, panda hapa mugongoni."

Sikupanda mgongoni kwake. Nilipanda mlima kwa viatu vyangu vya Idi, na kabla ya nusu ya njia nilikuwa nimevivua, nimevishika mkononi, nalia kwa hasira. Mawe yalikuwa yanachoma. Kila nikidhani tumefika kileleni, kilikuwa kinatokea kilele kingine nyuma yake. Kwetu Rumonge ardhi ni nyeusi na laini, ukidondosha mbegu unaikuta imeota. Kule mvua hupita juu ya mlima bila kusimama sana, na kile kidogo kinachoanguka kinateleza juu ya mawe na kurudi ziwani. Unaliona ziwa lote chini yako, na una kiu.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni kwake. Macho yake yalikuwa na utando mweupe. Aliona mwanga na giza, basi. Alinipapasa uso, akashika masikio yangu, akashuka mpaka miguuni, akakuta damu kwenye kidole.

"Somo yangu imekuya," alisema. "Na miguu ya mujini."

Tulikaa siku chache. Baba alitengeneza paa la bibi, akauza mafuta, akaongea na baba mdogo nje kwa sauti ya chini. Asubuhi moja niliamka nikamkuta tayari amefunga mzigo. Aliteremka mwaloni, nami nikamfuata nikidhani tunaondoka wote. Pale chini baba mdogo alikuwa ameshika mbuzi wawili, dume jeupe na jingine jembamba la madoa. Wakawapakia mbuzi kwenye boti. Baba akapanda. Mimi nilipotaka kupanda, baba mdogo akanishika mkono.

"Mama, wewe unabaki na somo yako," alisema baba. "Macho yake yanaisha. Utaona kwa ajili yake. Nitakuya kukukamata, turudi kwetu."

Boti ikaondoka na mbuzi wawili wamesimama mahali nilipokuwa nimekaa mimi nilipokuja. Mtu yeyote mwenye akili angeelewa kama nilivyoelewa. Nilikuwa nimebadilishwa na mbuzi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mmoja alikuwa mwembamba.

Mila hiyo wengi wenu mnaijua: mjukuu mwenye jina la bibi huenda kukaa na bibi, awe mkono wake na jicho lake, na hakuna anayeona kuna la kueleza. Kwa hiyo hakuna aliyenieleza. Kwa muda mrefu nilikataa hata kuwafungulia mbuzi wa baba mdogo zizi, nikisema mbuzi walikwisha kunila mimi. Bibi ndiye aliyenitoa neno hilo kinywani, akacheka mpaka macho yake yenye utando yakatoka machozi.

"Mbuzi wawili kwa mutoto mubishi hivi? Baba yako angenilipa yeye, na wewe angekuacha bure. Ile ni akika ya Saidi. Mutoto mwanaume wanachinja wawili."

"Na mimi mulichinja ngapi?"

"Mutoto mwanamuke ni mumoja."

Hapo nikakasirika upya, safari hii kwa ajili ya Saidi.

Kazi yangu ilikuwa kuona. Asubuhi tulikwenda kuchota maji kwenye mpasuko wa mwamba, mimi nikiingiza mkono na kibuyu mpaka begani, maji yakiingia taratibu. Kisha tunaanika mihogo juu ya jiwe kubwa bapa lililokuwa mbele ya nyumba, nami nakaa kuilinda na nyani. Nyani wa mlima ule walikuwa na adabu mbaya. Walitambua kwamba bibi haoni, wakawa wanapita karibu naye kabisa wakichukua mihogo, na mimi nikitokea walikuwa wananitazama kana kwamba nimewaingilia nyumbani kwao.

Bibi alikaa kivulini na kuniuliza swali lake moja. "Somo, unaona nini?"

Mwanzoni nilimjibu kwa kisirani. "Naona mawe."

"Mawe gani?"

Alikuwa haachi. Kama nimesema kuna mtu anapanda, alitaka kujua ni mwanamke au mwanamume, amebeba nini, anapumzika wapi. Kama nimesema ziwa, aliuliza rangi. Niliposema limekuwa la bluu aliniambia bluu ziko nyingi, niseme ni ya asubuhi au ya upepo. Kwa hiyo nikajifunza kutazama, si kwa kupenda bali kwa kuchoshwa na maswali. Nilijua mahali kivuli cha mlima kinapofika alasiri. Nilijua mbuzi mgonjwa kwa namna anavyobaki nyuma. Mvua zilipoanza niliona mapande meusi yaliyoungua yakigeuka kijani kwanza, kabla ya mlima mwingine wote, nikamwambia bibi, na bibi akasema, "Unaona sasa? Zile taa zako."

Na mvua ilipoosha hewa nikaona kwetu. Ilikuwa mbali, lakini jua la asubuhi likipiga mabati ya Rumonge yalikuwa yanametameta, na nyuma yake kijani kizito cha michikichi mpaka vilimani. Baada ya hapo nililinda mihogo nikiwa nimewapa nyani mgongo. Kila boti iliyovuka niliipa ujumbe: mwambieni baba aje anichukue. Boti zilirudi na sukari, mara moja na kitambaa cha gauni, na maneno yaleyale kwamba atakuja. Sikuwa namchukia bibi. Nilitaka tu kwetu, nilitaka mama, nilitaka hata kumwona huyo Saidi aliyechinjiwa wawili.

Masika yalikuwa yanaelekea kuisha, majani bado mabichi mpaka magotini, siku niliyoona moshi. Nilikuwa juu ya jiwe la mihogo. Ulitoka upande wa kwetu, mweusi, sehemu moja kwanza, halafu nyingine.

Baba mdogo alikuja kutazama, mkono juu ya macho. "Banapika mawese," alisema.

"Hapana."

"Unajuaje?"

Nilijua kwa sababu nilizaliwa katikati ya moshi huo. Moshi wa mawese huanza alfajiri na adhuhuri umekwisha, na kila shamba lina wake, mwembamba. Huu ulikuwa mnene na ulikuwa unaongezeka. Majani nayo yalikuwa mabichi kule kama yalivyokuwa huku, na hakuna mtu anayechoma majani mabichi. Nilimwambia hivyo baba mdogo. Bibi alikuwa amesimama.

"Somo, unaona nini?"

"Moshi."

"Upande wa musikiti ao upande wa Kizuka?"

"Pande zote, bibi."

Alikaa chini. Kwa mara ya kwanza hakuuliza rangi.

Siku zilizofuata boti zikaanza kuja. Si boti za mota tu, hata mitumbwi midogo ya kuvulia ndagala, imejaa watu mpaka maji yanakaribia kuingia. Bibi hakuwa ameteremka mwaloni kwa miaka, lakini aliteremka, mkono wake begani kwangu, mimi nikimwambia jiwe liko wapi. Tulikaa pale kutwa. Watu walishuka na watoto, na masufuria, mmoja na cherehani kichwani, na wengine mikono mitupu. Walisema "amahoro" kama watu wanavyosalimiana siku zote, kisha wanakaa mchangani. Mambo mengi yaliyosemwa pale sikuyaelewa, na mengine nayaelewa leo na siyaandiki. Yale ambayo Warundi huyaita ikiza, balaa la mauaji ya mwaka wa 1972, yameandikwa na wanaojua kuyaandika. Mimi nilikuwa na kazi moja, kutazama sura.

Chombo kikigusa mchanga, vidole vya bibi vilikuwa vinabana bega langu. Hakuuliza kwa maneno. Nami nilikuwa natazama mtu mmoja mmoja mpaka wa mwisho ameshuka, halafu nasema, "Siyo hii." Vidole vinalegea. Chombo kingine kinakuja, vinabana tena. Bega langu lilikuwa na alama. Niliogopa, nalisema wazi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu niliona kwamba nikikosea sura moja, baba atapita na hatutajua.

Mama alikuja na mtumbwi wa jirani. Nilimtambua kwa kitenge kabla ya uso. Saidi alikuwa mgongoni, amekuwa mkubwa, analala.

"Mama amekuya," nilimwambia bibi. "Na Saidi."

"Na nani?"

Niliwatazama waliobaki kwenye mtumbwi mpaka wa mwisho, mzee mwenye kofia.

"Na jirani."

Mama alimshika bibi mikono yote miwili, wakakaa. Aliongea kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeeleza alivyopika. Wiki ile baba alikuwa amekwisha kuongea na mwenye boti. Alitaka kunirudisha nyumbani, shule ilikuwa inanipita, na ujumbe wangu ulikuwa umemchosha. Lakini michikichi ilikuwa imezaa vizuri. "Alisema, wacha nimalize kwanza mafuta, Alhamisi naenda kumukamata mutoto." Kisha yakatokea yaliyotokea, na baada ya hapo wakapita watu wenye bunduki wakiwaita wanaume waende sokoni kusikiliza tangazo. Baba alikwenda, amevaa kofia yake. Alimwambia mama amchukue Saidi wajifiche kwenye michikichi, yeye atawakuta. Mama alingoja huko hadi chakula kilipokwisha.

"Nani alimuona?" aliuliza bibi.

"Hakuna."

"Hakuna mutu alimuona amekufa?"

"Hakuna mutu alimuona tena, mama."

Saidi aliamka, akalia, mama akamnyonyesha. Halafu bibi akauliza, "Alisema Alhamisi?"

"Ndiyo, mama. Alisema Alhamisi."

Watu wengi, wakisikia kwamba nilikuwa ng'ambo wakati ule, huniambia baba yangu alikuwa mtu wa kuona mbali. Wananipongeza, na mimi najibu murakoze, asante, kwa adabu. Hakuona chochote. Alinipeleka mlimani kwa sababu mama yake alikuwa anapofuka na mimi nilikuwa na jina lake, na alikuwa njiani kunirudisha. Kama angeacha mafuta yaharibike, sijui kama tungekuwa wote upande huu au wote upande ule. Nimelipindua jambo hilo kila namna na sijapata namna ambayo haiumi. Namkumbuka akicheka juu ya dumu, na nampenda, na wakati mwingine namkasirikia kwa ajili ya mafuta yale.

Mama alijenga maisha palepale. Alianza kukaanga ndagala mwaloni, akajifunza kupanda mlima bila kuhema, akawa ananicheka kwamba nimekuwa mtoto wa mawe. Alikuwa na sababu za kutonena juu ya baba mbele ya bibi, na bibi hakumwuliza tena. Lakini kila Alhamisi bibi aliamka mapema, akajitanda kanga safi, akaweka mkono begani kwangu. Mama alitutazama tukiondoka. Tuliteremka. Boti za mota zilikuja siku hiyo, za wachuuzi tu, chache. Nilitazama sura. Nilisema siyo hii. Tukapumzika, tukapanda. Mvua ikinyesha tulikwenda na jua likiwaka tulikwenda, na baba mdogo akisema mwache mama mzee apumzike, bibi alikuwa anamjibu kwamba hakumwita aandamane nasi.

Mimi nilikuwa nakua. Nilikuwa nimefikia umri wa kuelewa kile ambacho mama hakukisema, na nilikwisha kukielewa. Nilikuwa najua kabisa kwamba baba hatashuka. Sikumwambia bibi, na nadhani hapakuwa na haja, maana siku moja njiani alisema, bila kugeuza uso, "Somo, wewe tazama tu."

Bibi alifariki mwanzoni mwa kiangazi, siku ya Jumanne, kwa homa ya siku chache. Tulimzika juu, mahali ambapo baba mdogo alifanikiwa kupata udongo katikati ya mawe. Alhamisi niliamka mapema, nikachota maji, nikaanika mihogo, kisha nikateremka mwaloni peke yangu, nikasimama nikitazama sura mpaka abiria wa mwisho aliposhuka.